Urojo, kashata na suali la Yussuf

"Watano," alisema Yussuf.

Kawahesabu mara mbili, kwanza kuanzia kushoto, kisha kuanzia kulia, kama anayehofia mmoja wao atatoroka. Alikuwa kachutama ukingoni mwa lile shimo la ukumbusho wa watumwa pale Mkunazini, Unguja, jezi yake ya njano imeshika vumbi la asubuhi nzima, mikono kaikumbatia magoti. Chini yake masanamu yamesimama kimya, mnyororo umepita shingoni.

"Mjomba, huu mnyororo wa kweli?"

"Chuma kitupu."

"Nani aliwauza?"

"Wafanyabiashara."

"Wa wapi?"

Nikaangalia saa.

"Haya inukeni," nikasema, "urojo utakwisha."

Na kweli tukainuka, na urojo tukauwahi. Lakini tangu Jumamosi ile ya Juni mpaka leo, wiki ya tano sasa, kila nikikaa peke yangu namsikia yule mtoto. Kwenye daladala. Nikisubiri chai ichemke. Wa wapi? Makala hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Hii ya nne nimeapa sitaigusa.

Ratiba

Shangazi yangu anaishi Wete, Pemba. Mara ya mwisho kuvuka kuja Unguja alikuja kwa matibabu, na mtu aliyekuja kwa matibabu, kama anavyosema mwenyewe, mji huuonea dirishani mwa hospitali. Mara hii alikuja kutembea tu. Skuli zimefungwa, akawachukua wajukuu zake wawili, Yussuf wa miaka tisa na Asya wa miaka mitano, wakapanda boti Mkoani. Mnaijua kusi ya Juni. Waliposhuka Malindi, Asya alikuwa amelala begani kwa bibi yake, uso umepauka kama majivu, na Yussuf ananiambia kwa fahari kwamba yeye katapika mara mbili tu.

Mimi nikajiona mwenyeji. Miaka kumi na minne niko Unguja. Nani wa kunifundisha Mji Mkongwe? Usiku ule nikakaa na simu nikapanga ratiba ya vituo tisa, kila kimoja na dakika zake. Darajani ishirini. Mkunazini arubaini. Hamamni kumi na tano, maana siku hizi hakuna maji wala mtu wa kukusugua mgongo. Mke wangu Rukia akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Na chooni wanakwenda saa ngapi?"

Saa mbili kamili tuwe kituoni, nilitangaza.

Saa mbili kamili Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anakunja mswala, na chai bado. Chai yake huijui. Si kikombe na kipande cha mkate mtu akaondoka. Ni mkate wa kumimina, mbaazi za nazi, samaki wa jana, na habari za kila mtu wa Wete aliyezaa, aliyeoa na aliyegombana na jirani kwa ajili ya mpaka. Tulitoka saa tatu na nusu. Ndani ya daladala nikaanza kufuta vituo, na cha kwanza kufutwa ilikuwa Hamamni.

Daraja lisilo na maji

Tuliposhuka Darajani, hata utingo hajamaliza kurudisha chenji, Yussuf akauliza, "Daraja lenyewe liko wapi?"

Moyo wangu ukafurahi. Hili nalijua. Nikamsimamisha pembeni nikamwambia afumbe macho, aione bahari inaingia kwa Funguni, inapita hapa hapa tuliposimama, inakwenda mpaka kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja. Kule Mji, huku Ng'ambo, katikati daraja. Maji yakaja yakafukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki.

Akafumbua macho. "Kwa hivyo Ng'ambo ni ng'ambo ya maji ambayo hayapo."

Mtoto wa miaka tisa huyo. Nikajiambia, leo nimepata mwanafunzi.

Soko, lile la 1904, nililitengea dakika ishirini. Shangazi alilichukua saa nzima. Aliingia kwenye samaki, akafunua mashavu ya changu mmoja baada ya mwengine, akauliza bei za vitu ambavyo hakuwa na nia ya kununua, akawasikitikia watu wa Unguja. Kisha akafika kwenye meza za viungo, zile zinazopangwa kwa ajili ya wageni: vikapu vidogo vya ukindu, ndani vipakiti vya mdalasini, iliki, kungumanga, vimefungwa nailoni na utepe mwekundu.

Akanyanyua pakiti moja.

"Hizi karafuu za wapi, baba?"

"Za Pemba hizo, bi mkubwa. Namba moja."

Akaambiwa bei. Akaigeuza pakiti kwenye mwanga, akaipima kiganjani, midomo ikawa inahesabu bila sauti. Nilijua anahesabu nini: pakiti ngapi zinafanya kilo, na kilo moja kule kwetu mtu anaichumia kwa jasho gani. Hakusema hesabu ilivyotoka. Akairudisha pakiti mahali pake taratibu, utepe ukitazama juu kama alivyoukuta.

"Nimechambua karafuu tangu sijang'oa meno ya utoto," akaniambia tulipokuwa tunatoka. "Leo ndiyo kwanza naiona imevishwa nguo."

Nilicheka. Nikaona ni neno zuri la kuandika kwenye blogu. Hata sikuona kwamba yeye hakucheka.

Mkunazini

Kwenye lile kanisa la Waanglikana, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, Shangazi hakuingia. Alitafuta kivuli uani akakaa, Asya mapajani, akasema tutamkuta pale pale. Mimi, Rukia na Yussuf tukaingia, na mimi nikaendelea na kazi yangu ya kujua mambo.

Nikamwambia soko lile la watumwa lilifungwa Juni 1873, mwezi kama huu. Kwamba ujenzi wa kanisa ulianza mwaka huo huo, na Krismasi ya 1877 watu wakasali mara ya kwanza. Kwamba Askofu Edward Steere aliyelisimamia ndiye yule yule aliyekuwa akikusanya hadithi za Waswahili na kuandika kitabu cha kufundishia lugha yetu. Nikamwonesha zile nguzo zilizowekwa miguu juu kichwa chini, ambazo husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha hivyo bwana mkubwa alipokuwa safarini. Yussuf akacheka mpaka Rukia akamziba mdomo. Nikamwonesha msalaba wa mti wa Chitambo, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone.

"Moyo peke yake?"

"Moyo. Mwili ulibebwa na watu wake mpaka Bagamoyo, ukaletwa hapa Unguja, kisha ukapakiwa meli kwenda Uingereza."

"Waliubeba kwa miguu?"

"Kwa miguu."

Akazunguka na hilo kichwani muda mrefu.

Vile vyumba vya chini, ambavyo wanahistoria wangali wanabishana kama kweli viliwahi kuwekwa watumwa au vilichimbwa baadaye kwa shughuli za misheni, tulivipita haraka. Dari yake humlazimisha mtu mzima atembee kama anayerukuu. Ndipo tukatoka uani, kwenye lile shimo lenye masanamu yaliyowekwa 1998. Yaliyofuata nimeshayasema.

Nililosahau kusema ni kwamba pale kivulini alipokaa Shangazi hapakuwa mbali.

Kandambili

Urojo ulikuwa mzuri, kama ni lazima muambiwe. Bajia zimelowa bila kulainika, chatne ya nazi haikufanywa choyo, chipsi za muhogo juu. Asya alipata rangi. Yussuf alikula bakuli mbili na kwa dakika ishirini hakuuliza kitu, nami nikaamini suali limezama mle kwenye rojo.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Shangazi na Rukia wakaenda kwa mwanamke mmoja anayejuana na Rukia, nyumba ya pili tu, wakasali huko. Mimi nikamchukua Yussuf msikitini. Wakati wa kutoka, kandambili yangu moja ipo, ya pili haipo. Mnaijua hali ile: umeinama mlangoni, umezungukwa na miguu ya watu, unageuza viatu vya waislamu kimoja kimoja. Nilipoiona, imesukumwa mpaka chini ya ngazi, nikainuka.

Yussuf hayupo.

Sitaki kuzieleza sana zile dakika. Ukiwa mwenyeji vichochoro vile ni raha. Ukipotelewa na mtoto wa watu, kila kona ni mdomo. Nilikwenda kulia, nikarudi, nikaenda kushoto, nikauliza muuza vitambaa, nikauliza kijana wa vespa. Papasi mmoja, wale vijana wanaowaandama watalii, aliyeniona na kofia yangu ya jua na kamera tumboni, akanikimbilia: "Jambo! Jambo! Hakuna matata!" Nikamwambia matata yapo bwana, nimepoteza mtoto. Alibadilika pale pale. Akawa Mzanzibari mwenzangu. Akaingia kichochoro kimoja mimi nikaingia chengine, na yeye ndiye aliyemwona.

Alikuwa Jaws Kona.

Kakaa barazani kati ya wazee wawili wa dhumna, miguu inaning'inia, kashata mkononi, shavu moja limevimba. Muuza kahawa ameliweka chini dele lake anamtazama. Nilitaka kumkaripia lakini sauti haikutoka.

"Huyu wako?" aliuliza mzee mwenye kofia ya viua. "Kijana ana masuali mazito huyu."

"Kawauliza nini?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akapanga vipande vyake vya dhumna upya, ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Kauliza nani aliwauza wale wa Mkunazini," akasema mwenye kofia. "Tumemwambia akikua atasoma."

Na wakampa kashata.

Mbio za alasiri

Kuanzia hapo siku ilikwenda mbio. Shangani tulisimama mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury kwa sababu tulikwama nyuma ya kundi la wageni wanaopiga picha. Shangazi akauliza ni nani huyo mwenye masharubu. Nikamwambia mwimbaji, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa Unguja mwaka 1946, wazee wake wakahama naye 1964.

"Kwa nini walihama?" Yussuf huyo.

"Wengi walihama mwaka ule," nikasema.

Hata mimi nilisikia kwamba hilo si jibu.

Ngome Kongwe tulikaa kidogo kwenye majani, Asya akabingirika. Beit el-Ajaib tuliliona kwa nje, mabati na vyuma vya mafundi. Tangu siku ile ya Disemba 2020 lilipoporomoka na kuua watu wawili, mimi nikipita pale hutembea upande wa pili wa barabara bila kujijua. Nikawasimulia lifti, taa za umeme kabla ya watu wengi hapa Afrika Mashariki kuzijua, na ule mnara wa saa ambao ulihamia kwenye jumba baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896.

"Kajenga nani?"

"Sultan Barghash. Mwaka 1883."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe nini?"

"Kajenga mwenyewe? Kwa mikono?"

Tulicheka sote, hata Shangazi. Nikamwambia Yussuf hiyo ni lugha tu, ndivyo watu wanavyosema. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeamua kutobishana na mkubwa.

Forodhani

Jua likazama upande wa Changuu, vijana wakawa wanajirusha baharini kutoka ukutani, moshi wa mishkaki ukapanda. Asya alilala kwenye mkeka wa Rukia akiwa na kipande cha mkate kinywani. Yussuf nilimnunulia juisi ya miwa, yenye ndimu na tangawizi, akaenda kusimama karibu na ukuta kuwahesabu warukaji. Nilimwekea jicho. Nimeshajifunza.

Nikatoa simu nikamwonesha Shangazi ratiba. Vituo sita kati ya tisa, nikamwambia, si haba kwa mwanzo wa saa tatu na nusu.

Hakuiangalia simu.

"Mtoto leo kauliza suali moja," akasema. "Wewe umempa urojo. Wazee wa watu wamempa kashata. Na sasa hivi naona umempa juisi."

Nikacheka kicheko cha kujitetea. Nikasema mtoto bado mdogo, Shangazi, mambo yale ni mazito, hata sisi wakubwa yanatushinda. Akaniachia nikaongea mpaka maneno yakaniishia yenyewe. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia chumvi:

"Unayakumbuka yale makaburi ya bondeni, shambani kwetu Mtambwe? Chini ya mwembe mkubwa?"

"Nayakumbuka." Tukicheza kule utotoni. Yamekaa peke yake, mbali na makaburi ya ukoo, hayana mashahidi, ni vifusi tu vilivyozama kidogo.

"Uliwahi kuuliza ya nani?"

"Niliuliza mara moja. Babu akasema ya watu wa zamani."

"Ehe," akasema Shangazi. "Na mimi nilijibiwa hivyo hivyo. Halafu nikapewa muwa."

Akatandua ushungi wake akautandika vizuri mabegani, upepo ulikuwa umeanza. Hakuongeza neno.

Maksi mbili

Walirudi Pemba Jumatatu. Mimi nikabaki na suali.

Mwanzo nilijidanganya kwamba sikujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Si kweli. Jibu la skuli ninalo, tunalo sote, tumeliandika kwenye mtihani: Waarabu. Neno moja, maksi mbili, geuza ukurasa. Na nililiogopa neno hilo hilo. Mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, lilitosha kumtoa mtu nyumbani kwake, na wako waliotolewa ambao hawakufika popote. Ndiyo maana katika ukoo wetu hatukulisema wala hatukulikanusha. Tuliliweka juu ya kabati.

Tena tulimwekea nani? Baba yake babu yangu jina lake linaishia na kabila la Oman. Bibi yake mama yangu alikuwa akiitwa Mmanyema, mtu wa asili ya Kongo ya mashariki, na alikuwa akiitwa hivyo na watu wa ndani, tena si kwa kumsifu. Yussuf ana pua ya mmoja na nywele za mwengine. Ningempa neno moja pale ukingoni mwa shimo, angelitumia vipi akijitazama kwenye kioo?

Basi jibu refu. Nimelijaribu usiku kadhaa, nikimwazia kakaa mbele yangu na jezi yake. Ningemwambia wako waliokamatwa vitani na watu wa bara wenzao wakauzwa kwa nguo na bunduki. Wako waliotekwa na misafara ya pwani, na viongozi wa misafara ile si wote walikuwa weupe wa sura: Tippu Tip, ambaye nyumba yake ipo pale pale Shangani na ambayo siku ile niliiruka kwenye ratiba, alizaliwa hapa Unguja na alikuwa na damu ya Oman na ya bara pamoja. Ningemwambia mtaji mwingi wa misafara ulikopwa kwa matajiri wa Kihindi wa mjini. Kwamba zamani Wafaransa walinunua watu huku kwa ajili ya mashamba yao ya Mauritius na Réunion. Kwamba Waingereza, ambao tunasoma ndio waliofunga soko, walilifunga 1873 lakini utumwa wenyewe ukaachwa ni halali visiwani mpaka 1897, miaka ishirini na nne, na walipouondoa waliolipwa fidia ni mabwana. Masuria wakaambiwa wasubiri; walisubiri mpaka 1909.

Lote hilo ni kweli, na usiku wa tatu au wa nne nikaona kwamba lote linanifaa mimi. Kadiri orodha ya wauzaji inavyorefuka, ndivyo mimi ninavyozidi kupata nafasi ya kupumua. Bara, Oman, Bombay, Ufaransa, Uingereza. Kote huko ni mbali na Mtambwe.

Mtu akiuza, yuko anayenunua.

Na hapa tarehe zangu, zile nilizokuwa nikizimwaga siku nzima kama mtu anayelisha kuku, zikanigeukia. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaing'oa mikarafuu yake mingi. Pemba ikapona. Mwaka wa pili soko la Mkunazini likafungwa. Watu wakakimbilia kupanda Pemba, maana bei ilipanda na ardhi ipo. Kisiwa chetu kilihitaji mikono mingi kuliko wakati wowote wakati ule ule ambapo mikono ilikuwa imepigwa marufuku kuuzwa mchana. Ikaja usiku, kwa majahazi, kupitia ile mikono ya bahari yenye mikoko ambayo sisi tunaijua kwa kaa na chaza. Disemba 1881 nahodha wa doria ya Kiingereza, Brownrigg wa meli ya London, aliuawa kwenye maji ya Pemba akijaribu kulisimamisha jahazi moja. Hiyo niliisoma zamani, nikaichukulia ni habari ya Waingereza.

Babu alikuwa akituonesha mikarafuu mikongwe, ile ya mteremkoni, anasema, "Hii kaipanda babu yangu." Tangu utoto namwona akilini huyo babu wa babu: kanzu kaipandisha mpaka magotini, jembe mkononi, anachimba shimo, anaweka mche, anafukia. Mikarafuu mia kadhaa.

Kwa mikono? Mwenyewe?

Yussuf aliuliza jambo moja mara mbili siku ile, na mara zote mbili nilidhani ni masuali mawili.

Ukweli wa karatasi sina. Hakuna hati ya shamba letu inayosema nani alilima, na sitaki kubuni mateso ya watu kwa kupamba makala. Nina mteremko wa mikarafuu na bonde la makaburi yasiyo na mashahidi, na babu aliyekuwa mkarimu kuliko watu wote niliowajua, aliyejibu "ya watu wa zamani" akatuvunjia muwa. Skuli yangu na mahari ya shangazi zangu vilitoka kwenye mteremko ule.

Nilimuuliza Rukia angemjibu vipi mtoto. Alikuwa anapiga pasi. Akasema, "Ningemwambia sijui yote, lakini njoo tuulize." Akageuza shati. "Wewe huwezi. Wewe ukisema hujui unaumwa."

Simu

Wiki iliyopita nikapiga Wete. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, sentensi fupi fupi, za mtoto. Shangazi akapokea, tukasalimiana, nikamuulizia afya yake na mguu wake na karafuu. Akasema mwaka huu imeshika, Mungu akijaalia. Nikamwomba nizungumze na Yussuf.

"Shkamoo, Mjomba."

"Marahaba. Yussuf, lile suali lako la Mkunazini."

"La nani aliwauza?"

"Hilo. Nataka nikujibu."

"Bibi keshanambia."

Karatasi nilikuwa nimeishika mkononi.

"Lini?"

"Kwenye boti. Kabla sijaanza kutapika."

"Kakwambia nini?"

Kimya. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anatwanga.

"Kasema nisikwambie kwa simu. Kasema uje."

Nimekata tiketi ya Jumamosi. Jana usiku ikaingia picha kutoka simu ya mama yake Yussuf, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, mwandiko umelalia kushoto. Juu kaandika RATIBA YA MJOMBA. Vituo ni vitatu: shamba, mwembe, kula. Saa mbili kamili, kaandika, kapiga mistari miwili chini yake.